Kabati limejaa sare, fundi yuko barazani

Disemba inapokaribia, mafundi cherehani wa Dar es Salaam hawalali. Kariakoo, Sinza, Mbagala, Tandika, taa za barazani zinawaka hadi usiku mwingi, na pembeni ya kila cherehani kuna rundo la kitambaa cha rangi moja: dhahabu kwa upande wa bibi harusi, zambarau kwa upande wa bwana harusi, bluu kwa wanakamati. Kila mmoja atashona mshono alioupenda, atauvaa Jumamosi moja tangu jioni hadi saa sita usiku, atapiga picha, atarudi nyumbani, atalifua gauni na kulitundika. Jumamosi inayofuata kuna shughuli nyingine, yenye rangi nyingine.

Mwanamke wa mjini anayejuana na watu huzipata kwa mwaka mmoja sare za kicheni pati, sendofu, harusi, ubarikio wa mtoto wa jirani, mahafali ya mpwa, na siku hizi hata za msiba. Wanaume nao wana mashati yao ya kitenge, yamekunjwa chini ya sanduku, na fulana za kampeni za uchaguzi wa miaka iliyopita. Gauni refu moja hula yadi tatu au nne. Mwenye magauni 10 ya namna hiyo ana zaidi ya yadi 30 za kitambaa ndani ya nyumba yake, kitambaa alichokilipia, akamlipa na fundi, na ambacho hakijachakaa hata kidogo kwa sababu hakikupata nafasi ya kuchakaa. Hiyo ni mali. Inauma kuona mwenye mali hiyo akisimama mbele ya kabati asubuhi na kusema hana nguo, kisha mwisho wa mwezi akaenda kununua nyingine.

Kutumia tena nguo uliyonayo si jambo tulilofundishwa na wageni. Vazi tunalojivunia kuliko yote hapa pwani lilizaliwa kwa kuunga vipande. Simulizi ya wazee wa Unguja na Mombasa ni kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua leso ndogo za mraba, zile za kufutia jasho, ambazo ziliuzwa zikiwa zimeshikana kwenye jora moja. Badala ya kukata moja moja, walikata sita kwa pamoja, wakazigawa tatu tatu, wakazishona pamoja zikawa nguo moja pana ya kujifunga. Ndizo leso za kuunga. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanavyopendeza wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, yenye pindo pande nne na mji katikati. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, akafungua duka lake Mombasa, na kanga zenye maandishi ya Mali ya Abdulla zinauzwa hadi leo. Kiwanda kilifuata sindano ya mwanamke, hakikuitangulia.

Kabla ya kanga kuenea, watu walivaa merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa kilicholetwa na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, viliikata biashara ile, na Wahindi na Waingereza wakaleta vitambaa vyao. Merikani ikitiwa nili ikawa nyeusi, au bluu inayokaribia weusi, ndiyo kaniki. Rangi ile iliyokolea ilificha madoa ya shamba na ya jikoni, nguo ikavumilia miezi zaidi.

Nayo maisha ya kanga yenyewe ndani ya nyumba ya Kiswahili ni somo ambalo kila mmoja wetu amelisoma bila kuketi darasani. Doti mpya huanza kwa kutokea: arusini, kwenye maulidi, kwenda kumwona mzazi. Ikishafuliwa mara nyingi na wekundu wake kupungua, inashuka daraja na kuwa ya nyumbani; kipande kimoja kinafungwa kiunoni, cha pili kinatupiwa mabegani mgeni akibisha hodi. Hapo ndipo inapoanza kupendwa kweli, kwa sababu pamba iliyofuliwa sana inakuwa laini na kunyonya jasho. Mtoto akizaliwa inakuwa mbeleko. Mbeleko ikilegea inakatwa winda. Kipande kilichobaki kinafunika unga wa maandazi unaoumuka, kingine kinakunjwa ngata ya kutwishia ndoo ya maji, kingine kinashika sufuria isiunguze mkono. Kilichoisha kabisa kinapiga deki, na zamani, kabla umeme haujafika mitaani, uzi wake ulisokotwa kuwa utambi wa koroboi. Kanga moja iliweza kumhudumia mama, mtoto na jiko kwa miaka kumi na zaidi, na hakuna aliyeona fedheha.

Swali ni kwa nini gauni la satini, lililogharimu mara tatu ya doti ya kanga, linakufa likiwa limevaliwa usiku mmoja.

Sehemu ya jibu iko katika miaka ya shida na kile kilichoifuata. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tanzania iliishiwa fedha za kigeni, viwanda vya nguo vikakosa vipuri na dawa za rangi, na kitambaa kikawa kitu cha kupangia foleni pamoja na sukari na sabuni. Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, na kuna watu waliokamatwa kwa sababu ya majora ya nguo waliyoyaficha. Katika hali hiyo nguo iliyokuwapo mwilini ndiyo ilikuwa nguo. Mafundi walijua kugeuza kola: kola ya shati ikichanika kwenye mkunjo, panaposugua shingo, fundi aliifumua kwenye shina lake, akaipindua upande wa ndani ukawa wa nje, akairudisha, na shati likaanza maisha mapya. Shuka iliyochakaa katikati ilikatwa kwa urefu, pande mbili za kando zenye uzima zikaunganishwa zikawa katikati, na pale palipochakaa pakaenda pembeni ambako hakuna anayelalia. Bugaluu za miaka ya sabini, zenye mguu mpana kama sketi, zilibanwa zikawa suruali za kawaida, na masalia yake yakatoa viraka vya magoti ya mtoto.

Tuliosoma shule za msingi wakati huo tunakumbuka pindo la sare. Mama hakununua kaptula ya kumtosha mtoto. Alinunua inayozidi, akamwambia fundi aache pindo la kutosha, na kila Januari pindo lile lilifumuliwa kidogo. Palipokuwa pamefichika palibaki na rangi iliyokolea, ukaonekana mstari. Ukiihesabu mistari kwenye gauni la msichana wa darasa la saba, ulijua amelivaa tangu lini.

Si kwetu tu. Uingereza, nchi tajiri kuliko yetu, iliwagawia watu wake nguo kwa kuponi tangu tarehe 1 Juni 1941 hadi Machi 1949, miaka minne baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha. Mwaka wa kwanza kila mtu mzima alipata kuponi 66. Mwaka 1943 serikali yao ikachapisha kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka, kufumua sweta kuukuu na kufuma upya, na kulikata koti la baba likawa la mtoto.

Mwaka 1984 serikali yetu ilianza kuruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa, na mitumba ikaanza kumiminika. Sitaki kuisema vibaya mitumba. Iliwavisha watu waliokuwa wakiazimana suruali ya kwenda kanisani, na hadi leo masoko ya Karume, Gikomba na Owino yanalisha maelfu ya familia. Lakini bei yake iliharibu hesabu ya zamani. Shati la mtumba likiuzwa kwa pesa ile ile anayotoza fundi kugeuza kola, nani atageuza kola? Ufundi wa kukarabati ukaanza kufa, ukabaki ufundi wa kushona mpya. Vijana wengi wanaojifunza cherehani leo wanaweza kukata gauni lenye mkia wa samaki kwa kutazama picha kwenye simu. Ukiwapa shati lenye kola iliyochanika, wanakushauri ununue jingine.

Wakubwa wamebishana sana juu ya mitumba. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikatishia kuyaondolea mataifa yetu nafuu ya kuuza bidhaa kwake chini ya mpango wa AGOA; Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Kenya nayo ilisimamisha uingizaji wa mitumba Machi 2020 kwa hofu ya korona, ikaufungulia tena Agosti. Katika mabishano yote hayo sikumsikia mkubwa hata mmoja akizungumzia kitambaa ambacho tayari kimo ndani ya nyumba zetu, ambacho hakisubiri meli wala ushuru.

Basi tukizungumzie. Mwenye magauni ya sare ayatoe yote kabatini, ayatandaze kitandani mchana, si usiku, maana taa hudanganya rangi. Kisha ayapange kwa kitambaa chake, asiyapange kwa rangi wala kwa uzuri, kwa kuwa ni kitambaa kinachoamua nini kinawezekana.

Kitenge cha pamba ndicho rahisi kuliko vyote. Kinakubali kufumuliwa, hakiachi matundu ya sindano yanayoonekana baada ya kufuliwa na kupigwa pasi, na vipande vya vitenge viwili tofauti vinaweza kukaa pamoja bila kugombana iwapo vina rangi moja inayofanana. Gauni refu la kitenge lililobana, ambalo huwezi kulivaa ofisini wala sokoni, likikatwa kiunoni hutoa sketi ya kuvaa na shati jeupe siku yoyote ya kazi, na sehemu ya juu ikawekewa zipu pembeni na pindo chini ikawa blauzi. Umepata nguo mbili kutoka katika moja iliyolala. Ukiwa na magauni mawili ya vitenge vinavyoelekeana, la pili litoe mikono na kola, na masalia yakatoa kilemba au mkoba.

Satini inahitaji uangalifu. Ukiifumua, kila tundu la sindano linabaki, hata ukipiga pasi namna gani. Kwa hiyo satini hupunguzwa, haiachiwi: mshono mpya uingie ndani ya ule wa zamani, matundu yabaki upande usioonekana. Aliyenenepa tangu siku ya shughuli asimlazimishe fundi aachie satini pembeni. Aombe aingize kipande kirefu cha kitambaa kingine, cheusi au cha lesi, tangu kwapani hadi pindoni, pande zote mbili, kionekane ni urembo uliokusudiwa. Satini isiyofaa tena kuvaliwa ni lainingi nzuri ya koti, na foronya yake haikwaruzi nywele zilizosukwa.

Lesi ni ghali na ndiyo inayopotezwa zaidi. Lainingi yake ndiyo huchanika au kubadilika rangi kwa jasho la kwapa, mwenye gauni akadhani gauni zima limekufa. Lainingi inabadilishwa. Ukiweka ya rangi nyingine, mfano lesi ya dhahabu juu ya lainingi nyeusi badala ya krimu, hata waliokuwa nawe meza moja kwenye ile harusi hawatalitambua. Shifoni nayo inateleza na kuchanika ikifumuliwa, usiisumbue. Ikate mbele tangu juu hadi chini, ipindwe kingo, iwe vazi jepesi la kutupia juu ya dera au suruali.

Zipo nguo za kutiwa rangi, hasa nyeusi zilizogeuka kijivu na jinzi zilizopauka. Kabla ya kununua pakiti ya rangi sokoni, hakikisha ni pamba. Poliesta haishiki rangi hizo za kuchemsha nyumbani, na shati la mchanganyiko litatoka na weusi hafifu. Uzi wa mishono mara nyingi ni poliesta hata nguo ikiwa pamba tupu, kwa hiyo baada ya kutiwa rangi mishono itaonekana kwa rangi yake ya awali. Wengine huupenda mwonekano huo, mimi pia.

Unapokwenda kwa fundi, nenda mchana wa katikati ya wiki, na uepuke majuma ya mwisho ya Disemba, ya Idi na ya kufungua shule, kwa sababu kazi ya ukarabati huwekwa chini ya rundo. Vaa viatu utakavyovalia nguo ile, maana urefu wa pindo hupimwa pamoja na kisigino. Patana bei kabla mkasi haujashika kitambaa, na uwe tayari kulipa vizuri. Wengi wetu tunadhani ukarabati ni kazi ndogo, tunataka tulipe nusu ya nusu. Kufumua ni kazi ya macho na subira. Fundi anaweza kumaliza saa nzima akitoa uzi wa ovaloki kwa ncha ya wembe kabla hajashona hata hatua moja. Fundi asiyelipwa kwa kufumua ataendelea kukwambia nguo yako haifai.

Mengine hayahitaji fundi. Kifungo, pindo lililoachia, lastiki ya kiunoni iliyolegea, mshono uliofunguka kwapani: hizo ni kazi za sindano na dakika chache mbele ya taarifa ya habari, na kijana wa kiume azijue sawa na dada yake, kwa kuwa naye atakwenda bweni, atakwenda jeshini, ataishi peke yake chumba cha kupanga. Tundu dogo kwenye fulana ukiliziba leo linameza uzi wa urefu wa kiganja. Ukilingoja mwezi linahitaji kiraka.

Na jua letu, tunaloliamini kuua kila kijidudu, linaua pia rangi. Nguo ya rangi ianikwe ndani nje, kivulini penye upepo. Kanga na vitenge vipya vifuliwe peke yake mara za kwanza. Jinzi haihitaji kufuliwa kila inapovaliwa. Suti ya kaunda ya baba, iliyotundikwa vizuri na kupigwa brashi, imewafikia wajukuu katika nyumba nyingi. Shirika la WRAP la Uingereza lilikokotoa kwamba nguo ikiongezewa miezi 9 tu ya kuvaliwa, hewa ukaa, maji na taka zinazotokana nayo hupungua kwa kati ya asilimia 20 na 30. Kwa nchi ambayo jalala lake linafuka moshi kando ya makazi ya watu, hilo si jambo la Ulaya peke yake.

Limebaki jambo gumu, nalo ni macho ya watu. Wanawake wengi wanajua yote niliyoandika hapa kuliko ninavyoyajua mimi. Hawarudii gauni kwa sababu picha zimeshawekwa kwenye simu za watu mia mbili, na mtu akilivaa tena atasikia ananong'onwa. Hofu hiyo ni ya kweli, inawaingiza watu kwenye mikopo ya vikundi na kukopa kitambaa kwa rafiki anayeuza, na kuna ndugu wa damu wanaokosa harusi za ndugu zao kwa sababu tu hawakupata pesa ya sare. Nimeliona hilo katika familia ninazozijua na sioni fahari yoyote ndani yake. Shughuli ni ya kuwakusanya watu. Sare inayomfukuza shangazi wa bibi harusi imeshindwa kazi yake.

Dawa iko mikononi mwa kamati, na haina gharama. Kamati itaje rangi, isitaje kitambaa. Ikisema kijani, basi mwenye kitenge cha kijani aje nacho, mwenye satini ya kijani ya sendofu ya mwaka juzi aje nayo imebadilishwa mikono, mwenye kanga yenye kijani ajifunge kanga, na asiye na gauni la kijani aje na kilemba. Ukumbi utapendeza vile vile, na picha zitakuwa na uhai zaidi kuliko safu ya watu 60 waliovaa jora moja. Mwenyekiti wa kamati akiwa wa kwanza kurudia gauni lake, wengine watapumua.

Vikao vya harusi za Disemba huanza mapema. Wewe uliyeitwa kwenye kimojawapo, ajenda ya sare itakapofika, nyoosha mkono uombe hilo: rangi moja, kitambaa cha kila mtu kabatini kwake.